Mafuta ya Zeituni na Mafuta ya Kwetu

 

Jambo ninalotaka kulieleza leo ni dogo kwa umbo, maana laingia katika chupa. Lakini laingia pia katika chungu cha kila nyumba, na katika mfuko wa kila mwenye nyumba. Ni habari za mafuta ya kupikia, na hasa mafuta ya zeituni.

Mtu akizunguka katika maduka ya Lagangabilili, makao ya Wilaya ya Itilima iliyogawanywa kutoka Wilaya ya Bariadi mwaka 2012, ataona madumu ya mafuta ya alizeti, na ya pamba, na ya mawese yaliyosafishwa. Na akifika Bariadi mjini, au akivuka hata Mwanza, ataona katika maduka makubwa chupa nyembamba ya kioo cheusi yenye picha ya tawi la kijani. Hayo ndiyo mafuta ya zeituni. Akiuliza bei atashangaa, na akiuliza sababu ya bei hiyo ataambiwa kwamba mafuta haya ni afya tupu.

Basi swali letu ni hili: Je, mtu wa kawaida, mwenye shamba la pamba na mahindi na ng'ombe wachache, yafaa ayanunue mafuta haya kwa matumizi ya kila siku, ili watu wake wawe na afya njema? Wako wasemao, "Ndiyo, maana ni dawa ya moyo na ya presha." Wako wasemao, "La, huo ni upuzi wa watu wa mjini." Nami nadhani yafaa tulipime jambo lenyewe polepole, kama mtu apimaye pamba yake katika mizani, asije akapunjwa wala asije akampunja mwenziwe.

Kwanza, mafuta haya ni kitu gani? Mzeituni ni mti wa nchi zilizo kando ya bahari ya Mediterania, ile iliyo kati ya Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Watu wa huko wameupanda tangu maelfu ya miaka iliyopita. Leo nchi itoayo mafuta mengi kuliko zote ni Hispania, na baada yake ziko Italia, Ugiriki, Tunisia, Uturuki na nyinginezo. Mti hukua polepole, lakini huishi miaka mingi sana. Matunda yake huchumwa, husagwa pamoja na kokwa zake, kisha mafuta hukamuliwa bila kutiwa dawa wala moto mkali. Mafuta ya mkamuo wa kwanza, yakiwa mazuri, huwa na rangi ya kijani na ladha ya uchungu kidogo, nayo huwasha kooni. Watu wengine wakiyaonja hudhani yameharibika, kumbe uchungu ule ndio dalili ya uzuri wake.

Wala mzeituni si mgeni kabisa katika nchi zetu. Uko mzeituni wa mwitu uotao katika nyanda za juu za Tanzania ya kaskazini, kama kule Ngorongoro na Kilimanjaro. Wamasai huuita oloirien, nao hutumia kuni zake kufukiza vibuyu vya maziwa. Lakini matunda yake ni madogo, hayana mafuta ya kutosha kukamuliwa.

Tena liko jambo moja la lugha ambalo vijana wa shule watapenda kulijua. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mafuta ya zeituni yaliitwa halzeti. Neno hilo latokana na Kiarabu, ambamo zeti maana yake ni mafuta. Baadaye lilipokuja ua lile kubwa la manjano, ambalo asili yake ni Marekani ya Kaskazini, na watu wakaona kwamba mbegu zake zatoa mafuta mazuri, likaitwa alizeti. Basi alizeti na zeituni ni ndugu kwa jina. Hebu sasa tutazame kama ni ndugu kwa tabia pia.

Pili, ndani ya mafuta mna nini? Mafuta yote tulayo ni mchanganyiko wa aina tatu. Aina ya kwanza ni mafuta yagandayo, ambayo hushikana yakipata baridi, kama samli na mafuta ya mnyama. Haya yakizidi mwilini huongeza katika damu kitu ambacho matabibu hukiita lehemu, nayo lehemu ikiwa nyingi huganda ndani ya mishipa kama kutu ndani ya bomba, hata mishipa ikawa myembamba. Hapo moyo hupata taabu, na mtu aweza kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi. Aina ya pili na ya tatu ni mafuta yasiyoganda upesi, nayo hayana madhara hayo. Bali yakiliwa mahali pa yale yagandayo, lehemu hupungua.

Sasa sikilizeni hesabu, na mwenye kalamu aandike. Katika sehemu 100 za mafuta ya zeituni, yale yagandayo ni sehemu 14 hivi. Katika alizeti ni 11 hivi. Katika ufuta ni 14. Katika karanga ni 17. Katika pamba ni 26. Katika mawese ni karibu 50, yaani nusu nzima. Na katika samli ni zaidi ya 60. Mtu asiyeamini na aweke chupa ya alizeti na chupa ya mawese nje usiku wa baridi wa mwezi wa Juni, kisha azitazame alfajiri. Ataona ya alizeti i maji vile vile, na ya mawese imekuwa na ukungu, pengine imeshikana.

Mmesikia wenyewe. Katika jambo hili kubwa la mafuta yagandayo, zeituni haiishindi alizeti ya Singida na ya Simiyu, wala haiishindi ufuta wa Lindi. Tena katika vitamini E, ambayo huyalinda mafuta ya mwili yasiharibike, alizeti yaipita zeituni zaidi ya mara mbili. Lakini tuseme haki: zeituni inayo sifa yake. Sehemu 70 na zaidi katika 100 za mafuta yake ni aina ile ya pili, ambayo haiharibiki upesi kwa moto wala kwa kukaa. Na ule uchungu niliousema ni wa vitu vilindavyo mishipa, ambavyo mafuta mengine hayana kwa wingi huo. Mafuta yetu yaliyo karibu nayo kwa aina ile ya pili ni ya karanga, yenye sehemu 46 hivi, na ya ufuta, yenye 40 hivi.

Tatu, matabibu wameona nini? Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Ancel Keys, pamoja na wenziwe walianza kuwachunguza wanaume wa nchi saba: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Ugiriki, Yugoslavia ya wakati ule, na Japani. Wakawafuata kwa miaka mingi, waone nani apatwa na ugonjwa wa moyo. Ikaonekana kwamba watu wa kisiwa cha Krete katika Ugiriki walipatwa kwa nadra sana, ijapokuwa chakula chao kilijaa mafuta ya zeituni. Watu wa Ufini, waliokula siagi na maziwa yenye mafuta kwa wingi, walipatwa kwa wingi. Tangu hapo sifa ya zeituni ikaenea duniani.

Lakini msisahau Wajapani. Hao nao walipatwa kwa nadra, na chakula chao hakikuwa na zeituni hata tone. Walikula wali, samaki, maharage ya soya na mboga. Na watu wa Krete nao hawakuishi kwa mafuta peke yake: walikula mboga za majani, kunde, matunda na samaki, nyama walikula mara chache, nao walitembea kwa miguu na kulima milimani kutwa. Kwa hiyo si haki kuisifu chupa na kulisahau jembe.

Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanywa Hispania, ukaanza mwaka 2003. Watu 7,447 wenye umri wa miaka 55 hata 80, ambao wote walikuwa katika hatari ya kupatwa na ugonjwa wa moyo, waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza walifundishwa kula mboga, kunde, matunda na samaki, wakapewa mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza bila malipo. Kundi la pili walifundishwa vivyo hivyo, wakapewa jamii za lozi na kokwa nyingine za mafuta. Kundi la tatu waliambiwa wapunguze mafuta tu. Habari zake zilitolewa mwaka 2013. Kisha ikaonekana kulikuwa na kasoro katika kuwagawa watu, hesabu ikafanywa upya, ikatolewa tena mwaka 2018, na maana yake ikawa ile ile. Kwa muda wa miaka mitano hivi, katika kila watu 1,000 wa kundi la tatu, watu 44 walipatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi, au walikufa kwa magonjwa hayo. Katika kundi la zeituni walikuwa 38. Na katika kundi la lozi na kokwa walikuwa 34.

Twajifunza nini? Kwamba zeituni ni chakula chema kwa kweli. Asiwadanganye mtu kusema ni upuzi. Lakini twajifunza pia kwamba faida yake ni ya kiasi, si ya miujiza. Na kwamba wale waliokula kokwa zenye mafuta walipata faida isiyopungua ile ya wale waliokunywa katika chupa. Zaidi ya hayo, hakuna aliyewalinganisha watu wale na watu wa Itilima wapikao majani ya kunde kwa karanga za kusaga. Zeituni ilishindana na chakula cha Wahispania wengine. Haikushindana na chakula chetu.

Hapa nataka kusema neno moja kwa nguvu, kwa sababu ni neno la kufa na kupona. Tuseme kuna mzee mmoja mwenye presha, yaani damu yake yakwenda kwa nguvu mno katika mishipa. Tabibu amempa vidonge, akamwambia avimeze kila siku. Akaja mtu akamwambia, "Baba, acha vidonge hivi. Kunywa kijiko cha zeituni kila asubuhi, nawe utapona." Mzee akauza mbuzi, akanunua chupa, akaacha vidonge. Kwa kuwa presha haina maumivu, akajiona mzima mwezi wa kwanza, na wa pili. Siku moja akaanguka, upande mmoja wa mwili ukapooza. Huyu hakudhuriwa na zeituni. Alidhuriwa na kuacha dawa. Ndugu zangu, mafuta ya zeituni ni chakula. Si dawa ya presha, wala ya kisukari, wala ya moyo uliokwisha kuugua. Anayependa kuyala na ayale, lakini vidonge vyake asiviache ila kwa amri ya tabibu.

Na mwenye presha aliye na fedha kidogo na atazame kwanza chombo cha chumvi kabla ya chupa ya mafuta. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mtu mzima asile chumvi zaidi ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai kilicho sawasawa, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika chakula. Kupunguza chumvi hakuhitaji senti moja.

Liko tena kosa jingine. Wengine hudhani kwamba mafuta mema hayanenepeshi. Si kweli. Mafuta yote, yawe ya zeituni au ya mawese, yana nguvu sawa: kijiko kikubwa kimoja chatoa kalori 120 hivi. Mtu anayemimina zeituni juu ya chakula kilichokwisha kuwa na mafuta ya kutosha hajiongezei afya. Ajiongezea uzito tu.

Hata hivyo asije mtu akatoka hapa akasema kwamba mafuta ni adui. Mtoto mdogo ayahitaji sana. Tumbo lake ni dogo, na uji mtupu hujaza tumbo bila kumpa nguvu za kutosha. Kijiko kidogo cha mafuta au karanga zilizosagwa humfaa. Tena mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini A iliyo katika mchicha, matembele, maboga na embe bila mafuta kidogo. Vitamini A ndiyo ilindayo macho, na mtoto akiikosa hushikwa na maradhi upesi. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni kwamba mafuta ya kula ya viwandani yatiwe vitamini A. Basi dumu la kawaida lililoandikwa kwamba limetiwa vitamini hiyo lampa mtoto kitu ambacho chupa ya zeituni, pamoja na bei yake yote, haimpi.

Nne, tuyatazame mafuta ya kwetu, pamoja na kasoro zake, maana si haki kusifu cha nyumbani bila kukichunguza.

Mkoa wa Simiyu ndio utoao pamba nyingi kuliko mikoa yote ya Tanzania, na kila pamba ina mbegu, na kila mbegu ina mafuta. Lakini mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili iitwayo gosipoli, iwezayo kuharibu uzazi wa mwanamume. Sumu hiyo huondolewa kiwandani mafuta yanaposafishwa. Kwa hiyo mafuta ya pamba yaliyosafishwa ni chakula; mafuta mabichi ya pamba, meusi, yaliyokamuliwa uani, si chakula. Na mbegu zile zilizotiwa dawa kwa ajili ya kupandwa, zisikamuliwe kamwe, wala asipewe ng'ombe.

Alizeti haina sumu hiyo, na yaweza kukamuliwa hapa hapa katika mashine ndogo. Faida yake ni mbili: mafuta huenda jikoni, na mashudu huenda kwa ng'ombe, nasi twajua sote ng'ombe ni nini kwa Msukuma. Shilingi inunuayo alizeti ya jirani humrudia mnunuzi kwa njia nyingine. Kasoro yake ni kwamba mafuta ya mashine ndogo mara nyingi hayakutiwa vitamini A, na yasipochujwa vizuri huharibika upesi.

Karanga ni hazina, maana mtu aweza kuzila bila kuzikamua, akapata mafuta na chakula cha kujenga mwili pamoja. Anayekula michembe kwa karanga amekula chakula cha maana. Lakini karanga zenye ukungu, zilizonyauka au kugeuka rangi, zina sumukuvu, ambayo huharibu ini. Sumukuvu haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu katika Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye ukungu. Basi zikaushwe vizuri, zichaguliwe, na mbovu zitupwe. Asipewe mtoto wala kuku.

Samli ni chakula cha heshima cha wafugaji, na kijiko kidogo katika chakula cha mtoto au cha mtu afanyaye kazi nyingi hakina ubaya. Lakini mzee mwenye mwili mzito na presha asiifanye kuwa mafuta yake ya kila siku. Hali kadhalika mafuta ya mawese yaliyosafishwa, ambayo mengi hutoka Malaysia na Indonesia: si sumu, lakini nusu yake ni yale yagandayo, basi penye alizeti, alizeti ni bora.

Tano, hesabu ya fedha. Bei hupanda na kushuka. Katika miaka ya 2022 na 2023 ukame uliipiga Hispania, matunda yakawa machache, na bei ya zeituni ikapanda duniani pote. Kwa hiyo sitataja bei. Nitawapa njia ya kuhesabu, na kila mtu atie bei ya duka lake. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba moja yatumia lita 3 za mafuta kwa mwezi. Kwa mwaka ni lita 36. Tuseme bei ya lita ya zeituni ni sawa na bei ya lita 5 za alizeti. Mwenye nyumba akinunua zeituni mwaka mzima, ametoa bei ya lita 180 za alizeti. Toa lita 36 alizozihitaji. Zimebaki lita 144. Bei ya lita 144 za alizeti ndiyo aliyoilipa kwa ajili ya tofauti ya zeituni na alizeti.

Sasa na ajiulize: fedha hiyo ingeweza kununua nini? Dagaa wa ziwa Victoria, ambao wana mafuta yao mema ya kulinda moyo. Maharage. Mayai kwa watoto. Mbegu za mchicha na bomba la kunyunyizia bustani. Bima ya afya, ili yule mzee wa presha apate vidonge vyake. Madaftari ya shule. Kila kimoja katika hivyo chaongeza afya au akili ya nyumba kuliko tofauti ile iliyo ndani ya chupa. Hivyo ndivyo ninavyolijibu swali letu: mafuta ya zeituni ni mema, lakini kwa nyumba ya kawaida ya Itilima hayafai kuwa ununuzi wa kila siku.

Aliye na fedha ya ziada, na ayapenda, simkatazi. Ila na ajue kununua. Achague chupa ya kioo cheusi, maana mwanga huyaharibu. Atazame tarehe. Atafute yaliyoandikwa "Extra Virgin", ndiyo yale ya mkamuo wa kwanza. Yaliyosafishwa kwa dawa na moto hupoteza vile vitu vya uchungu, na hapo mtu amelipa bei ya zeituni akapata karibu sawa na mafuta mengine. Ajihadhari, maana kwa kuwa ni ghali, wadanganyifu wa nchi nyingi huyachanganya na mafuta ya bei ndogo. Ayatumie kidogo, juu ya kachumbari au mboga, wala asiyamalize kwa kukaanga. Na chupa ndogo ziuzwazo kwa kupaka ngozi, au kwa ibada, zina kazi zake, nasi twaziheshimu. Lakini si za jikoni.

Mwisho, yako mambo manne yahusuyo mafuta yoyote, na haya yafaa kila nyumba iyashike.

La kwanza, mafuta ya kukaangia yasirudiwe rudiwe. Yakiisha kuwa meusi, yakatoa povu na harufu kali, yamekwisha kuharibika, yamwagwe. Mama auzaye maandazi au samaki siku ya mnada asiongeze mapya juu ya mabovu. Wateja wake ndio watoto wa jirani zake.

La pili, mafuta yafunikwe, yawekwe mahali pa giza, mbali na moto wa jiko.

La tatu, na hili nalisema kwa watu wa nchi ya pamba hasa: chombo kilichokuwa na dawa ya kunyunyizia pamba kisitiwe mafuta, wala maji, wala kitu chochote cha kula, hata kikioshwa mara kumi. Kitobolewe, kisipate kutumiwa tena. Wala mafuta ya kupima yasinunuliwe kwa mtu asiyeweza kusema dumu lake lilikuwa na nini hapo kwanza.

La nne, kipimo. Mpishi apimaye mafuta kwa kijiko hutumia kidogo kuliko yule amiminaye kutoka katika dumu. Akipima, dumu hukaa siku nyingi zaidi, na moyo hupata nafuu vile vile.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mzeituni ni mti wa heshima, na wenye mizeituni yao wafanya vema kuyala mafuta yake. Nasi tunayo alizeti na karanga na ufuta, tunayo kunde na dagaa, na jembe lingali mkononi. Mwanafunzi anayenisikia, jioni ya leo mwombe mama akuonyeshe dumu la mafuta. Soma maandishi yake yote, utazame kama yametiwa vitamini A, na kama lina nembo ya Shirika la Viwango, kisha umweleze uliyoyasoma. Hiyo itakuwa kazi njema ya elimu yako.

Basi wasikilizaji wangu, kwaherini, hata siku nyingine.